Kiwavi Si Shahidi wa Mboga Safi

Iko rai moja iliyoenea sana masokoni na majikoni mwetu, na wengi wameishika kana kwamba ni kanuni isiyo na shaka. Mama wa nyumba akisimama mbele ya fungu la mchicha au la sukuma wiki huyageuza majani huku na huku, na akiyaona yametobolewa na wadudu hufurahi akasema: "Haya ndiyo mazuri. Mdudu ameyala naye hakufa, basi nasi tutayala tusidhurike." Na yale majani mazima, yasiyo na tundu hata moja, huyaacha kwa kuyadhania kuwa yametiwa dawa. Muuza mboga naye ameshaijua rai hii, na aghalabu huyatanguliza mbele yale yenye matundu yawe ndiyo ushahidi wake.

Rai hii haikuzuka bure. Ina chembe ya ukweli, na walioianza walikuwa watu wenye kutazama mambo kwa macho yao. Lakini chembe ya ukweli si ukweli mzima. Siku hizi bustani nyingi zinazolisha miji yetu zimo kandokando ya mito ya maji machafu, ya barabara kuu na ya gereji, na mwenye kuifuata rai hii aweza kumlisha mwanawe sumu huku akijiona kuwa amechagua kwa busara. Kwa hivyo tumeona yafaa tuipime sawasawa, jinsi kadhi apimavyo ushahidi barazani. Shahidi hakubaliwi kwa sababu tu amesimama akasema. Huulizwa: Je, jambo hili walijua kweli? Je, hali yako na hali ya huyu unayemshuhudilia ni moja? Basi na tumwite kiwavi, tumwulize.

USHAHIDI WAKE JUU YA DAWA

Mtu asemapo kuwa jani lililotobolewa halina sumu, huwa anakusudia dawa za kunyunyizia. Hata katika hilo kiwavi ni shahidi dhaifu. Yuko nondo mdogo ambaye wataalamu humwita nondo mwenye mgongo wa almasi, kwa ajili ya alama zionekanazo mgongoni mwake akunjapo mbawa. Viwavi vyake ni vidogo, vya kijani, na ndivyo vitoboavyo kabichi na sukuma wiki katika nchi zetu na karibu dunia nzima. Mwaka 1953, huko Java katika nchi ya Indonesia, iliandikwa habari kwamba nondo huyu amekwisha kuizoea DDT, dawa ambayo wakati ule watu waliisifu kuwa hakuna mdudu aiwezaye. Tangu hapo amezizoea dawa nyingine nyingi, moja baada ya moja.

Basi tundu alilotoboa mdudu wa namna hii halituhakikishii kuwa jani halikutiwa dawa. Pengine latuambia tu kwamba dawa ilitiwa, na mdudu hakuijali.

MADINI MAZITO NI YAPI?

Lakini dawa ni nusu tu ya jambo. Nusu ya pili, ambayo sokoni haitajwi kabisa, ni madini mazito: risasi, kadimiamu, zebaki, nikeli, shaba, zinki na mengineyo. Aseniki nayo huhesabiwa pamoja nayo kwa ajili ya sumu yake. Miongoni mwa haya yako yanayohitajiwa kidogo na kila kiumbe, kama zinki na shaba, na yakizidi ndipo hudhuru. Na yako yasiyo na kazi yoyote ya kheri katika mwili wa mtu, kama risasi, kadimiamu na zebaki.

Sifa moja yayakusanya yote, nayo ndiyo asili ya khatari yake. Dawa nyingi za kunyunyizia huvunjika kwa jua, kwa mvua na kwa vijidudu vya udongoni, ikiwa si leo basi baada ya miezi. Risasi haivunjiki. Haiozi kama jani, haiungui ikatoweka kama kuni, wala haichemki ikaisha kama maji. Ikiisha kuingia katika udongo hukaa pale wakati wa baba, na wa mwana, na wa mjukuu.

Huingiaje? Huingia kwa moshi wa viwanda viyeyushavyo madini, kwa betri kuukuu zivunjwazo uani, kwa rangi za zamani, kwa maji yatokayo viwandani, na hata kwa baadhi ya mbolea za fosfeti ambazo ndani yake mna kadimiamu kidogo. Kwa muda mrefu iliingia pia kwa petroli iliyotiwa risasi. Nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara ziliiacha petroli hiyo kufikia mwanzo wa mwaka 2006, na Algeria ikawa ya mwisho duniani kuiacha, mwaka 2021. Moshi umekoma, lakini risasi iliyokwisha kuanguka kando ya barabara haikuondoka pamoja na moshi.

Wala haya si mambo ya mbali. Mwaka 1999 wataalamu wa Tanzania, Bahemuka na Mubofu, walitoa habari za mboga za majani zilizolimwa kando ya mto Msimbazi na mto Sinza jijini Dar es Salaam. Walizipima kadimiamu, shaba, risasi na zinki, na madini yote manne wakayakuta. Mwaka 2006 zikatolewa habari za Kampala, ambako udongo na mboga za kando ya barabara zilipimwa, ikaonekana kuwa risasi hupungua kadiri mtu aendavyo mbali na barabara. Na huku Mombasa, watu wa Owino Uhuru walidhurika kwa risasi ya kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu katikati ya makazi yao. Mwaka 2020 mahakama ikawahukumia fidia ya shilingi bilioni 1.3. Hukumu ile ikatenguliwa katika rufaa, kisha Mahakama ya Juu ya Kenya ikairudisha mwezi wa Desemba, 2024.

KIWAVI AKILA JANI LENYE MADINI

Sasa natumwulize shahidi wetu: Wewe kiwavi, ukila jani lenye kadimiamu, hupatwa na nini?

Jawabu yake ni kwamba hudhurika, lakini si kwa namna aionayo mnunuzi sokoni. Wataalamu waliowalisha panzi, viwavi na vidukari chakula chenye madini mazito wameona mambo yanayofanana: mdudu hukua polepole, huwa mwepesi wa mwili kuliko wenzake, hutaga mayai machache, na baadhi ya mayai hayaanguliwi. Nguvu ambayo angeitumia kukua na kuzaa, huitumia kupigana na sumu iliyomo tumboni. Hayo ni madhara ya kweli, lakini hayamzuii kutoboa jani. Tena kiwavi akuaye polepole hukaa juu ya jani siku nyingi zaidi.

Naye amepewa silaha za ajabu za kujikinga. Katika utumbo wake mna chembe hai zinazotengeneza protini maalumu ya kuyakamata madini na kuyafunga yasienee mwilini. Madini mengine hugeuzwa kuwa punje ndogondogo zikawekwa ndani ya chembe hizo za utumbo. Chembe hizo zikichakaa humwagika, zikatoka pamoja na kinyesi. Zaidi ya hayo, kiwavi hujivua ngozi mara kadhaa katika uhai wake, na kila ajivuapo hutupa na sehemu ya uchafu. Mwisho hulala usingizi wa buu, utumbo wa kale ukabomolewa ukajengwa mwingine, na nondo atokapo humwaga yale mabaki. Mwanadamu hana kujivua kwa namna hii. Kinachoingia katika figo zake na mifupa yake hakitoki pamoja na ngozi kuukuu.

Wako na wadudu ambao madini hayawafikii sana. Kidukari hatafuni jani. Hutia mrija wake ndani ya mishipa ya mmea akafyonza utomvu wa sukari. Wataalamu wa Marekani, Boyd na Martens, mwaka 1999 walieleza kwamba vidukari waliowekwa juu ya mmea wenye nikeli nyingi sana hawakudhurika nayo, hali viwavi watafunao jani hufa. Basi mmea mmoja waweza kuwa sumu kwa mdudu huyu na karamu kwa yule.

MIMEA INAYOVAA SUMU KAMA NGAO

Msomaji aweza kusema: "Hata hivyo, madini yakizidi sana, kiwavi si atakufa au atakimbia? Basi ushahidi wake una maana kidogo."

Ni kweli kuwa iko mimea ambayo hufanya hivyo khasa. Huota katika ardhi zenye madini mengi kwa asili, ikayavuta na kuyaweka majanini kwa wingi usio wa kawaida. Mwaka 1994 Boyd na Martens walionyesha kwamba viwavi vya kipepeo mweupe wa kabichi hufa wakilishwa majani ya mmea mmoja wa namna hiyo uliojaa nikeli. Mwaka 1997 Pollard na Baker wakaeleza habari za mmea mwingine wa jamaa ya kabichi, uvutao zinki. Waliwapa koa, viwavi na nzige wa jangwani wachague kati ya majani yenye zinki nyingi na yenye zinki kidogo, nao wote wakayapenda yale yenye zinki kidogo. Hata nzige, ambaye twajua ukali wake tangu makundi yalipoivamia Kenya kuanzia mwisho wa mwaka 2019, alijua kubagua!

Lakini tazama kipimo. Mimea hii huweka nikeli au zinki kwa kiasi cha sehemu moja katika elfu, au zaidi. Mmoja wao, uotao karibu na Barberton huko Afrika ya Kusini, jani lake likikaushwa huwa na nikeli kupita sehemu moja katika mia. Mchicha wetu hauwezi kufika huko. Aghalabu mmea wa shambani ukitiwa sumu kiasi hicho hunyauka kabla kiwavi hajauonja.

Sasa tukitazame kipimo cha mwanadamu. Kanuni za chakula za kimataifa zimeweka mwisho wa kadimiamu katika mboga za majani kuwa miligramu 0.2 kwa kila kilo ya mboga mbichi, na mwisho wa risasi kuwa miligramu 0.3. Ni kiasi kidogo mno, kisichoonekana, kisicho na harufu wala ladha. Je, kiwavi hukihisi?

Jawabu limetoka Poland, nchi yenye migodi na viwanda vya zinki na risasi tangu zamani. Katika Chuo Kikuu cha Silesia mjini Katowice, wataalamu wamefuga viwavi wa jamii moja na viwavijeshi tunaowajua, wenye kula viazisukari, vitunguu na mboga nyinginezo. Waliwalisha chakula kilichotiwa miligramu 44 za kadimiamu kwa kila kilo ya chakula kikavu. Jani bichi huwa na maji kama sehemu 9 katika 10; kwa hivyo kile kipimo cha mwanadamu cha 0.2, jani likikaushwa, hufikia kama 2. Maana yake ni kwamba viwavi wale walikula kadimiamu kama mara 20 zaidi ya mwisho uliowekwa kwa mboga zetu. Nao hawakwisha. Walidhurika, wakapambana, wakazaa, na kizazi chao kikaendelea hivyo hivyo kupita vizazi 100.

Hapo ndipo ushahidi wa kiwavi uangukapo. Kipimo kinachomdhuru mtoto wako kiko chini sana ya kile kinachomzuia kiwavi kula. Kati ya viwili hivyo pana uwanja mpana, na katika uwanja huo kiwavi hula ameshiba, jani likapata matundu mazuri ya kupendeza, na mnunuzi akaridhika.

MDUDU HUZOEA, UDONGO HAUSAHAU

Iko hadithi ya kweli inayoonyesha jambo hili lilivyo kwa muda mrefu, nayo ni ya mashamba ya matufaha ya Marekani. Huko yuko nondo ambaye kiwavi chake huingia ndani ya tufaha na kulila moyo wake. Tangu miaka ya 1890 wakulima walianza kutumia dawa iliyochanganywa kwa risasi na aseniki, wakainyunyiza juu ya miti. Tufikiri: hawakungoja uchafuzi uwajie, bali waliununua kwa fedha zao na kuumwaga kwa mikono yao, kwa tamaa kwamba mdudu ataangamia.

Mwanzo dawa ilifanya kazi. Kisha mdudu akaanza kuistahimili, na mkulima akazidisha. Mwaka 1928 mtaalamu Walter Hough alilinganisha viwavi waliotoka Colorado, ambako dawa ilikuwa imenyunyizwa sana, na wale wa Virginia. Akaona kuwa wale wa Colorado waliweza zaidi kuingia katika tufaha lililotiwa sumu. Waliokuwa dhaifu walikwisha kufa, wakabaki wenye nguvu wakazaana. Matufaha nayo yalibeba sumu hata Uingereza ikalalamika, na wakulima wakalazimika kuyaosha kwa maji ya asidi kabla ya kuyauza. Baada ya Vita Kuu ya Pili ilikuja DDT, wakaiacha dawa ya risasi. Na mwaka 1988 serikali ya Marekani ikaipiga marufuku kabisa.

Je, nani alibaki na hasara? Nondo yule yupo hata leo. Na risasi nayo ipo hata leo, katika tabaka ya juu ya udongo wa mashamba yale ya kale, ambayo mengine yamejengwa nyumba na skuli, na watoto huchezea vumbi lake.

Na yule nondo wetu mwenye mgongo wa almasi hakubaki nyuma. Mwaka 2006 wataalamu Freeman na Pilon-Smits pamoja na wenzao walitoa habari kwamba huko Colorado wamemkuta akila mmea uliojaa seleniamu, ambayo si madini mazito khasa lakini huua wadudu vivyo hivyo. Nondo wa kabila yake waliotoka mahali pengine walikufa wakilishwa mmea ule. Huyu aliishi, kwa kuwa mwili wake umejifunza kuihifadhi sumu ile katika hali isiyodhuru. Maadamu kizazi cha nondo huyu katika nchi ya joto hutimia kwa wiki mbili au tatu tu, msomaji na ahesabu ni vizazi vingapi hupita katika mwaka mmoja. Mwanadamu hangojewi hivyo. Kizazi chetu kimoja ni miaka ishirini na zaidi.

MARAFIKI WA MKULIMA NAO

Tusisahau kuwa bustani ina wadudu wengine ambao si adui. Yuko yule mdogo wa mviringo, mwekundu mwenye madoa meusi, alaye vidukari kutwa. Wako nyigu wadogo watagao mayai ndani ya viwavi. Hawa ni askari wa mkulima wasiodai mshahara.

Huko Uingereza wataalamu walitia udongoni mashapo ya maji machafu yenye kadimiamu na zinki, wakapanda ngano, wakaweka vidukari juu ya ngano, kisha wakawalisha vidukari hao wale wadudu wekundu. Madini yakafuata njia hiyo yote: kutoka udongo yakaingia katika ngano, kutoka ngano yakaingia katika kidukari, na kutoka kidukari yakamfikia mla vidukari. Basi sumu haikai mahali ilipomwagwa. Hupanda ngazi daraja baada ya daraja, na juu ya ngazi hiyo, pembeni ya yule mdudu mwekundu, amesimama mwanadamu na sahani yake.

YAMPATAYO MWANADAMU

Kiwavi cha kabichi katika nchi ya joto huishi ukiwavi wake siku kumi au wiki mbili, kisha huwa nondo akaenda zake. Lakini kadimiamu ikiingia katika figo za mtu hukaa miaka 10 hata 30 kabla nusu yake haijatoka. Mtu alaye kidogo kila siku hujaza ghala asiyoiona. Huko Japani, katika bonde la mto Jinzu, watu walikula wali kwa miaka mingi kutoka mashamba yaliyonyweshwa maji yenye kadimiamu ya mgodi wa Kamioka. Figo zao ziliharibika, mifupa ikawa laini na kuvunjika kwa jambo dogo, na wengi wao walikuwa wanawake wazee waliozaa watoto wengi. Ugonjwa huo ukaitwa kwa mlio wa maumivu yao, "itai-itai", na mwaka 1968 serikali ya Japani ikakiri kuwa chanzo chake ni uchafuzi ule.

Risasi nayo huwalenga watoto. Shirika la Afya Duniani lasema kuwa hakuna kiasi cha risasi kijulikanacho kuwa salama, na kwamba mtoto mdogo huweza kunyonya mwilini risasi mara 4 hata 5 kuliko mtu mzima aliyemeza kiasi hicho hicho. Hudhuru ubongo unaokua. Mtoto huwa mzito wa kufahamu, mwepesi wa hasira, na mzazi na mwalimu humlaumu kwa uvivu asiokuwa nao. Sisi tunaofundisha watoto twapaswa kulitia jambo hili moyoni kabla ya kunyanyua bakora.

Huyu basi ndiye tuliyekuwa tukimshuhudishia kiwavi. Shahidi wa wiki mbili amewekwa kumdhamini mtoto wa kuishi miaka sabini!

LA KUFANYA

Hatusemi watu waache mboga. Mboga za majani ni kheri kubwa, na mtoto apataye chuma na chokaa ya kutosha katika chakula chake mwili wake huinyonya risasi kidogo zaidi. Tusemalo ni kuwa hukumu itolewe kwa dalili zilizo sahihi.

Kwanza, usiulize "Mdudu amekula?" Uliza "Imelimwa wapi, na imenyweshwa maji gani?" Muuza mboga akiulizwa hivyo na wanunuzi kumi kila siku, naye atamwuliza mkulima.

Pili, mwenye bustani aitenge na barabara. Wataalamu wa Kampala walishauri mboga za majani zilimwe umbali wa mita 30 kutoka barabara yenye magari mengi. Na maji ya mtaro upitao gereji, kiwanda au mahali pa kuvunjia betri yasitiwe bustanini, hata kiangazi kikiwa kikali namna gani.

Tatu, betri ya gari isivunjwe wala kuyeyushwa nyumbani. Vijana wengi hufanya kazi hii kwa kutafuta riziki, nao hurudi na vumbi la risasi katika nguo zao wakawabeba wadogo zao kifuani.

Nne, mwenye shaka na udongo wake apande mazao ya matunda, kama nyanya, bamia na maharagwe, kuliko mboga za majani, kwa kuwa aghalabu majani huvuta kadimiamu kuliko matunda. Atie samadi na mboji kwa wingi, na chokaa ya shamba ikiwa udongo ni wa uchachu. Haya hupunguza kiasi ambacho mmea huvuta. Akiweza, ainue matuta kwa udongo safi ulioletwa kutoka kwingine.

Tano, mboga zioshwe vizuri kwa maji safi, tena mara kadhaa, na mihogo na viazi vimenywe. Risasi nyingi huwa ni vumbi lililoshika juu ya jani, nalo huondoka. Lakini ijulikane kuwa kadimiamu iliyokwisha kuingia ndani ya jani haioshwi, wala moto hauiondoi.

Sita, ziko maabara za kupima udongo, kama zile za Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine huko Morogoro. Gharama yaweza kumlemea mtu mmoja, lakini wakulima wa bonde moja wakichanga, au vijana wa mtaa wakalifanya kuwa jambo lao, watapata jawabu ambalo viwavi elfu hawawezi kulitoa. Kisha waende nalo kwa wakuu wao wakiwa na hoja mkononi, kama walivyofanya watu wa Owino Uhuru.

Kiwavi hakutudanganya, wasomaji wetu. Yeye hakupata kusema kuwa jani ni safi. Alikula tu, kama alivyoumbwa. Sisi ndio tuliomtia maneno kinywani kwa kupenda njia fupi. Basi kesho ukisimama mbele ya fungu la mchicha, yaache matundu yawe matundu, ukamtazame usoni aliyelileta fungu lile, umwulize limetoka shamba gani.